Dorayaki kwenye kikaango cha chapati: ninavyozipika hapa Pasua, Moshi

Napika chapati Pasua mwaka wa kumi na nane sasa, na mkono wangu wa kulia una mazoea yake: chapati ikitua kikaangoni, kijiko cha mafuta, ikigeuzwa, kijiko kingine. Dorayaki inataka mkono huohuo usahau mafuta. Naanza na jambo hili kabla ya unga na mayai kwa sababu karibu kila niliyemfundisha amekwama hapo. Viungo havimsumbui mtu. Kinachomsumbua ni kikaango kikavu.

Kwa asiyezijua, dorayaki ni vitafunio vya Kijapani: vijichapati viwili vya mviringo, laini kama keki, vimebebana, na katikati yake pana maharage matamu yaliyopikwa na sukari mpaka yakashikana. Maharage hayo Wajapani huyaita anko. Neno dora maana yake ni upatu, ule wa shaba unaogongwa, siyo upatu wetu akina mama wa kupokezana fedha. Yaki ni kitu kilichochomwa au kuokwa. Wana hadithi yao kwamba mpiganaji mmoja wa kale, Benkei, alisahau upatu wake nyumbani kwa mkulima, na mkulima yule akaugeuza kikaango. Hadithi ni hadithi, lakini ukiitazama dorayaki iliyoiva vizuri, duara, ya kahawia, ukingo wake mwembamba na katikati pamevimba, utaona kwa nini jina limeganda. Umbo la vipande viwili tunalolijua leo huhusishwa na duka la Usagiya la Ueno, Tokyo, mwaka 1914. Kabla ya hapo kilikuwa kipande kimoja tu. Watu wa upande wa Osaka na Nara huziita mikasa, kwa jina la mlima wa kwao uliojikunja taratibu kama mgongo wa dorayaki.

Mimi nilifundishwa na mteja. Sisi wa Moshi tumezoeana na Wajapani kitambo, kwa sababu skimu ya umwagiliaji inayonywesha mpunga wa Mabogini, Chekereni, Rau ya Kati na Oria ilijengwa kwa ushirikiano na Japani miaka ya 1980, na kituo cha mafunzo ya kilimo kiko palepale Chekereni. Dada mmoja aliyekuja kufanya kazi huko alikuwa akipita kwangu Jumamosi kula chapati na maharage. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Siku moja akaniuliza, "Mama, nikija kesho na kunde zangu, utaniazima jiko?" Nikamwambia njoo. Siku ile tulishinda jikoni mpaka jua likazama.

Kunde, wala si maharage ya makande

Kwao wanatumia azuki, maharage madogo mekundu. Hapa sokoni hutayapata, na huna haja ya kuyahangaikia. Azuki, kunde na choroko ni ndugu wa ukoo mmoja kabisa kwenye elimu ya mimea, wakati maharage yetu ya kawaida, soya njano na yale makubwa ya madoadoa ya Lyamungo, ni ukoo mwingine. Tena Wajapani wenyewe wanazo kunde, wanaziita sasage, na wako wanaopikia wali wao mwekundu wa sherehe kwa kunde badala ya azuki, kwa kuwa ganda la kunde halipasuki ovyo. Basi nami najivunia kunde zangu. Ladha ni nzito kidogo kuliko azuki na ganda lake linajitambulisha mdomoni, lakini ni kitu kizuri kwa haki yake.

Nenda soko la Mbuyuni asubuhi, ulizia kunde nyekundu ndogo. Wengi wanauza kwa kisado, ila robo kilo hawakunyimi. Chota kiganjani uziangalie kabla ya kulipa. Kunde hushambuliwa na fukusi haraka kuliko maharage, na ukiona tundu dogo la duara ubavuni, kama limechomwa na sindano, jua ndani kuna unga wa mdudu. Vilevile kunde za msimu wa juzi hazilainiki vizuri hata uzipike mpaka kesho. Mpya zinang'aa. Za zamani zimefifia kama zimepakwa vumbi, na hata ukiziosha hazirudishi mng'ao.

Kwa kunde robo kilo utahitaji sukari kikombe kimoja cha robo lita kilichosawazishwa, yaani kama gramu 200, na chumvi kidogo. Mimi natumia sukari ya kahawia ya TPC kwa sababu inatoka hapa jirani na inaipa anko rangi ya kina. Sukari nyeupe pia inafaa. Anko itakayotoka ni nyingi kuliko mahitaji ya dorayaki saba, na hilo si tatizo, utaona.

Osha kunde, zibandike na maji ya kuzifunika, zichemke dakika tano, halafu umwage maji yote. Usione uchungu kuyamwaga. Maji hayo yatakuwa mekundu kama chai ya rangi, na ukiyaonja yanakausha ulimi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Ukiyaacha, ukakasi ule utaukuta kwenye anko na sukari haitaufunika. Kisha tia maji mapya, vidole vitatu juu ya kunde, punguza moto, funika nusu. Kila maji yakikaribia kuzama chini ya kunde, ongeza ya moto.

Hapa kwangu huchukua saa moja na robo hivi. Dada yangu anakaa Arusha, Sakina, na mara ya kwanza alinipigia simu akilalamika kwamba saa moja na nusu imepita na kunde bado zinauma. Hakukosea kitu. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo kunde zinapikwa kwa moto wa chini hata sufuria ikitokota namna gani. Moshi tuko chini zaidi, tunapata nafuu. Ukiwa Arusha, hesabu karibu saa mbili, au tumia sufuria ya presha.

Najua watu wa huku tukichelewa tunakimbilia magadi. Kwenye anko usithubutu. Magadi yatalainisha kunde, ndiyo, lakini yatazifanya ziteleze, rangi igeuke ya matope, na ladha ya sabuni ibaki nyuma ya ulimi. Sukari nayo isiingie mapema. Ikiwahi, ganda linakaza na halitalainika tena.

Kipimo cha kuiva ni hiki alichonionyesha yule dada: toa kunde moja, ibane kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho. Kidole cha mwisho hakina nguvu. Kama hicho kinyonge kimeweza kuiponda bila kukaza, basi zimeiva. Ukitumia kidole cha shahada utajidanganya, kwa kuwa kinaweza kuponda hata iliyoiva nusu. Jaribu tatu, nne, kutoka sehemu tofauti za sufuria.

Zikishaiva mwaga maji, bakiza kiasi cha kulowanisha tu. Tia sukari kwa mafungu matatu, ukikoroga kwa mwiko na kuacha kila fungu liyeyuke. Mwanzo itakuwa majimaji na utadhani umeiharibu. Endelea. Moto wa wastani, mwiko unagusa chini, kunde nyingine zinapondeka zenyewe na nyingine zinabaki nzima. Ikianza kuwa nzito inaruka kama uji wa ulezi, na tone lake likikupata mkononi linaunguza vibaya, kwa hiyo vaa nguo ya mikono mirefu na watoto wasogee mbali. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: njia ikibaki wazi, ukaiona chini ya sufuria kwa kuhesabu hadi mbili kabla haijafunga, ipua. Usisubiri iwe kavu, kwani ikipoa huganda zaidi. Tia chumvi ya kubana kwa vidole viwili, koroga, itandaze kwenye sinia ipoe.

Wako wanaoipitisha kwenye chujio kuondoa maganda ili iwe laini kama siagi. Hiyo kwao ina jina lake, koshian, na ile yenye maganda ni tsubuan. Mimi napenda yenye maganda. Kama unawapikia wazee, ichuje.

Rojo

Hapa nitapita haraka maana ni kazi ya dakika kumi. Mayai matatu yasiyo ya baridi, sukari nusu kikombe, asali kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, unga wa ngano kikombe kimoja na robo, bekini pauda kijiko cha chai kisichojaa, maji vijiko vitatu hivi vya chakula. Kikombe ni kilekile cha robo lita.

Piga mayai, sukari na asali kwa mchapo mpaka yapauke na yawe mazito kidogo, dakika nne za mkono usiochoka. Chekecha unga na bekini pauda juu yake, changanya polepole mpaka usione unga mkavu, kisha acha. Sisi wa chapati tumezoea kuuonea unga ili uvutike. Huu usivutike. Ukiukoroga sana utapata kitu cha kutafuna badala ya kitu kinachokatika mdomoni.

Asali usiiruke hata kama ni ghali. Ndiyo inayoshika unyevu ili dorayaki isikauke kesho yake, na ndiyo inayoleta ile rangi. Ila asali huungua upesi, ndiyo maana moto wake si moto wa chapati.

Funika rojo kwa kitambaa, iache nusu saa. Unga unakunywa maji na mapovu makubwa yanatulia. Ukirudi utaikuta imekuwa nzito. Tia maji kijiko kimoja kimoja mpaka ikidondoka kutoka kwenye upawa itengeneze mkunjo juu, nao ufutike ukihesabu hadi tatu. Nyepesi kuliko hapo ni chapati za maji, zitatambaa ziwe bapa. Nzito kuliko hapo, katikati hapataiva.

Kikaango kikavu

Sasa tumefika.

Mara ya kwanza nilipobaki peke yangu bila yule dada, nilitia mafuta kijiko cha chai tu, nikijiona nimejibana. Dorayaki zikatoka na madoa kama ngozi ya chui: hapa kahawia, pale nyeupe, na ukingo umekuwa wa kukaangwa. Zilikuwa zinalika, lakini zilikuwa chapati za maji zenye asali. Nilizirudia jioni ileile na matokeo yakawa yaleyale, mpaka nilipokumbuka kwamba yeye alitumia vitambaa viwili.

Mafuta yakikaa kikaangoni hayatandi sawasawa. Yanakusanyika vijidimbwi. Rojo ikimwagwa, mahali penye kidimbwi inaelea juu ya mafuta, mahali pakavu inagusa chuma, na kila mahali panaiva kwa namna yake. Kikaango kikiwa kikavu uso wote unagusa chuma kwa pamoja, na rangi inatoka moja, kama buni iliyokaangwa nusu.

Basi fanya hivi. Chukua kikaango kizito, kile kile cha chapati, kilichozoea moto na kisichoshika. Kama chako kinashika chakula, azima cha jirani au tumia cha kisasa kisichonata. Kipashe moto. Dondoshea tone moja la mafuta kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa, sugua kikaango chote. Kisha chukua kitambaa cha pili, kikavu, ufute mafuta hayo kama mtu anayefuta kosa. Futa mpaka ukipitisha karatasi nyeupe isitoke na alama. Moyo utakuambia itashika. Haitashika.

Moto wa mkaa: panga makaa safu moja tu, yaache yavae majivu meupe, na kama bado ni makali yatupie majivu juu. Gesi, ni moto mdogo kabisa. Nyunyiza tone la maji kikaangoni. Likirukaruka kama mpira, moto ni wa chapati, umezidi. Likitulia mahali pamoja, likachemka na kukauka taratibu, hapo ndipo. Kabla ya kumwaga rojo nalaza tako la kikaango juu ya kitambaa kilicholowa, kinalia tsss sekunde mbili, nakirudisha jikoni. Joto linasambaa na sehemu ya katikati haiwi kali kuliko pembeni.

Mimina vijiko viwili vya chakula kwa upawa mdogo, kutoka juu kama shubiri moja, mahali pamoja bila kuzungusha mkono. Rojo yenyewe itajitandaza kwa duara safi, upana wa kiganja bila vidole. Ukizungusha upawa kama unavyofanya kwenye chapati za maji, duara linaharibika na unene hautalingana.

Halafu subiri, na macho yako yasiondoke hapo. Kwanza uso unang'aa na hakuna kinachotokea. Kisha unaona vitobo viwili, vitatu karibu na ukingo. Vitobo vinasogea kuelekea katikati, vinafunguka na kuziba. Mng'ao wa pembeni unafifia. Pale vya katikati vinapoanza kupasuka na vingine vinabaki wazi bila kujiziba, ingiza mwiko bapa chini yake, geuza kwa mara moja bila kusita. Hiyo huwa ni kama dakika mbili. Upande wa pili unahitaji nusu dakika tu, na utabaki mweupe-mweupe. Huo ndio wa kukaa ndani na kunde, usiujalie rangi.

Ya kwanza ni ya kupima moto. Itazame tumbo: ikiwa imekoza kuelekea nyeusi, toa kaa mbili, ikiwa imepauka na imechukua dakika nne, chochea. Usiendelee na za pili mpaka ya kwanza imekuambia jambo. Kati ya moja na nyingine futa kwa kitambaa kilekile kikavu, bila kuongeza mafuta, na usimwage mbili kwa pamoja mpaka mkono wako uzoee.

Kila inayotoka ilaze kwenye sinia, uifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa sana. Zikipoa bila kufunikwa, ukingo unakauka na baadaye ukikunja unapasuka.

Kubebanisha

Zikibaki na uvuguvugu tu, zipange mbilimbili kwa ukubwa unaolingana. Kwa kipimo hiki mimi hupata vipande kumi na vinne, yaani dorayaki saba. Weka vijiko viwili vya anko katikati ya upande mweupe, vilundike katikati na upunguze kuelekea pembeni. Funika na mwenzake, halafu bana ukingo pande zote kwa ncha za vidole, kwa upole, kama unavyofunga sambusa bila gundi. Ukingo ukishikana, tumbo linanyanyuka lenyewe.

Swali ninaloulizwa sana ni kama unaweza kutia jamu au chokoleti. Unaweza, jiko ni lako. Wajapani wenyewe hutia krimu, au chembe za njugu zao za miti. Viazi vitamu vilivyopondwa pia wanavitumia, na vya huku vya rangi ya chungwa ni vizuri mno, havihitaji hata sukari nyingi. Ila naomba mara ya kwanza utumie kunde. Watu wanashtuka kusikia maharage na sukari, wakati ndugu zetu wa pwani wanapika maharage ya nazi wakayatia sukari kwa futari na hakuna anayeshangaa.

Usile zote hapohapo, hata kama watoto wamesimama mlangoni. Dorayaki ya saa ileile ni vitu viwili: kijichapati na kunde. Ikilala, unyevu wa anko na asali unaingia kwenye kijichapati, vinakuwa kitu kimoja. Kwao huzifunga kwenye plastiki. Mimi natumia jani la mgomba, maana migomba iko nyuma ya nyumba. Lipitishe jani juu ya makaa polepole. Utaliona linabadilika mbele ya macho yako, ukijani uliofifia unakuwa mzito na unaong'aa kama limepakwa mafuta, na jani lililokuwa linachanika linakuwa laini kama kitambaa. Lifute, liache lipoe kabisa, ufunge dorayaki moja moja, mkunjo chini. Harufu ya jani inaingia kidogo tu, kama ile ya chakula cha nyumbani kwa bibi.

Zinalala usiku mmoja mezani bila shida wakati wa baridi ya Juni na Julai. Februari, joto la Moshi likiwa juu, usizipitishe asubuhi ya kesho yake. Friji huzifanya ngumu. Ukilazimika, zitoe saa nzima kabla ya kula. Anko iliyobaki hukaa kwenye friji siku tatu, nne, na inapakwa kwenye mkate asubuhi.

Mimi nazipika Jumamosi jioni kikaango cha chapati kikishapumzika, na tunazifungua Jumapili kabla ya ibada kwa chai ya rangi isiyotiwa sukari. Mama mkwe wangu, wa Kibosho, amepika kunde na maharage ya chumvi maisha yake yote, na mwanzoni aliniambia wazi kwamba sukari kwenye kunde ni kuharibu chakula. Siku hizi anachukua mbili. Moja anaila taratibu huku ameshika kikombe. Ya pili haifungui, anaikunja vizuri kwenye jani lake na kuitia kwenye mkoba, ampelekee rafiki yake wanayekaa benchi moja kanisani.